Hisabati ya Kabla ya Kalkulasi kwa Wanafunzi wa Biashara na Uchumi: Pa Kuanzia, pa Kukata, pa Kukaa

Mwalimu mwenzangu, kama muhula huu umekabidhiwa darasa la hisabati la mwaka wa kwanza wa biashara au uchumi, bila shaka umekabidhiwa pia orodha ya mada iliyorithiwa kwa aliyekutangulia, naye aliirithi kwa mwingine. Seti, aljebra, fankisheni, trigonometria, matriki, na huko mwishoni kabisa, wiki ya 13, riba. Mimi niliifuata orodha ya namna hiyo miaka miwili, kama nilivyoikuta. Wiki ya 13 ilipofika watu walikuwa hoi, viti vingi vitupu, na mada waliyoijia chuoni ikapata saa mbili za harakaharaka. Likizo nikaimalizia kwenye kusahihisha sapu, ile mitihani ya marudio. Mwaka wa tatu nikaigeuza orodha chini juu. Ninachokuandikia hapa ndicho kilichobaki baada ya kujaribu na kurekebisha.

Mifano yangu ni ya Tanzania Bara, kwa hiyo kodi na shilingi ni za huku. Aliye kwingine abadilishe viwango, mpangilio utamfaa vilevile.

Kazi yote nimeijenga juu ya maneno mawili ambayo kila mwanafunzi anayo tangu hajajua kusoma: kwa kila. Shilingi kwa kila kilo. Kilometa kwa kila saa. Mteremko wa mstari, gharama ya bidhaa moja zaidi, kiwango cha kodi, riba ya mwezi, hata kalkulasi yenyewe atakayokutana nayo muhula wa pili, vyote vinauliza kiasi gani cha hiki kwa kila kimoja cha kile.

Hatua ya 1: Jua nani amekaa mbele yako

Katika ukumbi mmoja utakuwa na waliosoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), ambao hisabati ya kidato cha sita bado ina moto kichwani. Utakuwa na wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) waliopitia BAM, ile hisabati tumizi ya msingi, wengine kwa kuipenda, wengi kwa kuivumilia. Utakuwa na wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ambao hisabati waliiaga kidato cha nne, na pembeni kabisa mtu mzima aliyetoka kazini baada ya miaka kumi, anayejua bei ya jumla ya kila kitu Kariakoo lakini hajashika mabano tangu enzi hizo. Ukiwafundisha kama darasa moja, wa kwanza atalala na wa mwisho atalia.

Siku ya kwanza, kabla ya salamu kuwa ndefu, toa jaribio la dakika 20. Lisiwe na alama wala kikokotoo. Langu lina maswali sita:

1. Toa 2/3 kwenye 3/4.
2. Asilimia 15 ya 80,000 ni ngapi?
3. Bei imepanda kwa asilimia 25, kisha ikashuka kwa asilimia 25. Imerudi ilipokuwa?
4. Ondoa mabano: 5 − 2(x − 3).
5. −3² ni ngapi?
6. Soma grafu hii ya bei ya mchele ya miezi sita: mwezi gani bei ilipanda kwa kasi zaidi?

Usitazame nani kapata ngapi. Tazama makosa ya aina gani yanajirudia. Wanaokosea swali la 4 watakosea kila hesabu ya faida, kwa sababu faida ni mapato kutoa gharama, na gharama huja ndani ya mabano. Wanaokosea swali la 6 kwa kutaja mwezi ambao bei ilikuwa juu zaidi hawajatenganisha kimo na kasi. Hao ndio wa kuwakumbuka muhula mzima, kwa sababu kalkulasi yote imejengwa juu ya utofauti huo.

Swali la 5 ni mtego wenye faida. Kikokotoo cha Casio kitawaambia −9. Waandike hilohilo kwenye Excel, =-3^2, itawaambia 9. Ukumbi utachangamka. Vifaa vyote viwili vinafanya vilivyoambiwa: kimoja kinapandisha kipeo kwanza, kingine kinashika alama ya kutoa kwanza. Mhasibu wa kesho anatakiwa alijue hili leo, na dawa yake ni mabano.

Hatua ya 2: Kata bila huruma

Trigonometria iondoke. Najua kuna watakaokasirika. Lakini mwanafunzi wa masoko atakaa miaka mitatu chuoni bila kukutana na sini wala kosini, na akija kuhitaji mawimbi ya misimu kwenye takwimu za juu, atafundishwa hukohuko. Pamoja nayo ondoa namba changamano, duaradufu na ndugu zake, na ule ugawanyaji mrefu wa polinomia unaokula wiki nzima.

Seti zibaki saa moja tu. Matriki ziende kwenye kozi nyingine kama ipo. Kama haipo, milinganyo miwili yenye vigeu viwili inatosha, maana ndiyo inayotafuta bei ambapo mnunuzi na muuzaji wanakubaliana.

Kama orodha ya chuo haikuruhusu kufuta, basi usifute: ipe mada hiyo saa yake moja, toa desa (maandishi ya kujisomea) zuri la kurasa tatu, songa mbele. Wiki ulizookoa zipeleke kwenye asilimia, mstari ulionyooka, fankisheni zenye vipande, parabola, na vipeo pamoja na logi.

Hatua ya 3: Wiki mbili za asilimia na lugha yake

Wiki mbili! Wenzako wa ofisini watakucheka. Waache.

Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, lakini mwanafunzi anafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kina vifaa vizuri ambavyo tunaviacha mlangoni. Bei imepanda kwa 2,000 na bei imepanda hadi 2,000 ni habari mbili tofauti kabisa. Andika zote mbili ubaoni, waulize ilianzia wapi. Halafu chukua isiyopungua, isiyozidi, zaidi ya na chini ya. Mwanafunzi anayechanganya alama za kutolingana akisoma swali la Kiingereza hachanganyi hata kidogo ukimwambia akaunti inatakiwa iwe na salio lisilopungua 10,000. Anajua kwamba 10,000 yenyewe inaruhusiwa. Basi mfundishe kutafsiri sentensi kwanza, alama baadaye.

Kisha fundisha tabia moja: kila ukiona asilimia, uliza ya nini. Riba ikitoka asilimia 10 kwenda 12, imepanda kwa pointi mbili za asilimia, na imepanda kwa asilimia 20 ya ilivyokuwa. Magazeti huchanganya, mwanafunzi wako asichanganye.

Mfano wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hauna mshindani hapa. Risiti inasema 118,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Bei kabla ya kodi ilikuwa ngapi? Wengi watatoa asilimia 18 ya 118,000 na kupata 96,760. Usiwakosoe. Waambie wairudishe: 96,760 ongeza asilimia 18 yake. Wanapata 114,176.80, na wenyewe wanashtuka. Hapo ndipo unapoleta wazo ambalo litabeba wiki ya vipeo: kuongeza asilimia 18 ni kuzidisha kwa 1.18, kwa hiyo kurudi nyuma ni kugawanya kwa 1.18. Asilimia ni kizidisho. Swali la tatu la jaribio la kwanza nalo linajibika hapohapo: 1.25 mara 0.75 ni 0.9375, bei imepoteza asilimia 6.25.

Hatua ya 4: Mstari, na mama wa chapati

Chagua biashara moja ndogo ukae nayo muhula mzima. Ukibadilisha mfano kila wiki, mwanafunzi anatumia nguvu kuelewa hadithi badala ya hesabu. Mimi nina mama wa chapati. Analipa 90,000 kwa mwezi kwa kibanda, auze asiuze. Kila chapati inamgharimu shilingi 320: unga, mafuta, mkaa. Anaiuza 500.

Anza na jedwali, sio fomula. Chapati 0, 100, 200, 300; gharama 90,000, 122,000, 154,000, 186,000. Waulize: kila tukiongeza chapati 100, nini kinatokea? Gharama inapanda kwa 32,000. Kwa kila chapati moja? 320. Ndio mteremko huo. Sasa waandike sentensi kamili kwa Kiswahili: gharama ni 90,000, pamoja na 320 kwa kila chapati. Fomula C(q) = 90,000 + 320q, C ikiwa gharama na q idadi ya chapati, inakuwa sentensi ileile kwa mwandiko mfupi. Utaratibu uwe huo siku zote: jedwali, sentensi, grafu, ndipo fomula.

Sisitiza vizio. 90,000 ni shilingi. 320 ni shilingi kwa kila chapati. Ukizidisha 320 kwa q, chapati zinaondoka, zinabaki shilingi, kwa hiyo unaweza kujumlisha na 90,000. Mwanafunzi akijumlisha 90,000 na 320 moja kwa moja, kizio kitamkamata kabla yako.

Faida kwa kila chapati ni 180. Ili arudishe pesa ya kibanda anahitaji 90,000 gawanya kwa 180, chapati 500 kwa mwezi. Usiishie hapo, maana mwanafunzi atadhani amemaliza. Muulize: hiyo 500 inaingia kwa siku ngapi za kazi? Unga ukipanda na chapati ikamgharimu 350? Sasa zinahitajika 600. Gharama ya chapati moja imepanda chini ya asilimia 10, lakini idadi ya kuuza imepanda kwa asilimia 20. Kwa nini? Acha wabishane wenyewe kwenye semina, usitoe jibu mapema.

Hatua ya 5: Vipande vya kodi

Vitabu vingi hufundisha fankisheni yenye vipande kwa mifano mikavu, wakati kila mfanyakazi anaibeba kwenye hati yake ya mshahara. Kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza Julai 2021, kipato cha mwezi kinachotozwa kodi hukatwa hivi:

- hadi 270,000: hakuna kodi
- zaidi ya 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000
- zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000, pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000
- zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000, pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000
- zaidi ya 1,000,000: 128,000, pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000

Kabla ya hesabu yoyote, uliza darasa: ukipandishwa kutoka 1,000,000 hadi 1,040,000, unaweza kurudi nyumbani na pesa pungufu kwa sababu umeingia kundi la asilimia 30? Mikono mingi itanyooka kusema ndiyo. Imani hiyo iko mitaani na hata maofisini. Sasa wakokotoe. Kodi inatoka 128,000 hadi 140,000. Mshahara umepanda kwa 40,000, kodi kwa 12,000, mfukoni zimebaki 28,000.

Halafu waulize ile 20,000 na 68,000 na 128,000 zimetoka wapi. Hazikushuka kutoka mbinguni. Asilimia 8 ya 250,000 ni 20,000. Ongeza asilimia 20 ya 240,000 unapata 68,000. Ongeza asilimia 25 ya 240,000 unapata 128,000. Namba hizo zimewekwa ili grafu isikatike pale kundi linapoishia. Umefundisha mwendelezo wa fankisheni bila kutaja jina lake. Ukitaka grafu inayokatika kweli, waambie wachore makato ya kutuma pesa kwa simu: ngazi tupu, ukivuka daraja kwa shilingi moja makato yanaruka.

Mfano huohuo unatoa jambo la pili, zito zaidi kwa mwanauchumi. Mwenye 1,040,000 analipa asilimia 30 kwenye shilingi yake ya mwisho, lakini kwa wastani kodi yake ni 140,000 kwa 1,040,000, karibu asilimia 13.5. Kiwango cha ukingoni na kiwango cha wastani: hapa mwanafunzi anaviona viwili vikikaa kwa mtu mmoja. Kaa hapa siku mbili.

Hatua ya 6: Mihimili iliyopinduliwa

Hapa ndipo wa EGM, waliokuwa wanaringa, wanapojikwaa. Kwenye hisabati, kinachoamua huwekwa mhimili wa mlalo na kinachofuata huwekwa wima. Mwalimu wa uchumi naye, jengo la pili, anachora bei wima na kiasi mlalo, kisha anasema bei ndiyo inayoamua kiasi. Mwanafunzi anatoka huko akiamini mmoja wenu haijui kazi yake.

Waeleze historia, inawatuliza. Mfaransa Augustin Cournot alipochora mahitaji mwaka 1838, bei aliiweka mlalo, kama mwanahisabati angefanya. Mwingereza Alfred Marshall, baadaye karne hiyohiyo, akaiweka wima, na ulimwengu wa uchumi ukamfuata Marshall. Ni desturi tu. Kuhama kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine ni kutafuta fankisheni kinyume. Tuseme mama wa chapati akiuza kwa bei p, wateja wananunua q = 3,000 − 4p kwa mwezi. Mwanauchumi anataka p = 750 − q/4. Zote mbili ni habari moja. Waulize vizio: 4 ni chapati kwa kila shilingi, robo ni shilingi kwa kila chapati.

Kwa wanaosumbuliwa na wazo la kinyume na la kuhamisha grafu, tuna mfano ambao wenzetu wengi duniani hawana: saa. Simu inaonyesha 7, sisi tunasema saa moja. Kiswahili kinatoa sita, kurudi kwenye simu ni kuongeza sita. Sasa chora idadi ya wateja wa chapati kwa saa ya simu, kilele kikiwa kwenye 7. Chora tena kwa saa ya Kiswahili: kilele kimehamia kwenye 1. Grafu imekwenda kushoto hatua sita, lakini fomula inasema g(s) = f(s + 6), f ikiwa grafu ya saa ya simu na g ya saa ya Kiswahili. Kuongeza ndani, kuhama kushoto. Jambo linalowatesa wanafunzi kila mahali linaeleweka kwa mtu aliyekulia na saa mbili hizi.

Hatua ya 7: Parabola moja, ikamuliwe hadi tone la mwisho

Usitoe mazoezi 40 ya kutafuta vigawo. Chukua bei ya chapati tu, uikamue.

Mapato ni p(3,000 − 4p). Faida ni (p − 320)(3,000 − 4p) − 90,000. Usikimbilie kufungua mabano, yalivyo yanasema jambo: faida ya kila chapati mara idadi ya chapati, toa kibanda. Kilele cha parabola kiko katikati ya mahali inapogusa sifuri. Mapato yanagusa sifuri kwenye bei 0 na 750, kwa hiyo kilele chake ni 375. Zao la (p − 320)(3,000 − 4p) linagusa sifuri kwenye 320 na 750, katikati ni 535. Kutoa 90,000 kunashusha grafu yote bila kuisogeza pembeni, kwa hiyo kilele kinabaki 535. Hakuna kalkulasi hapo, hakuna fomula ya kukariri.

Waandikie jedwali hili ubaoni:

- bei 375: mapato 562,500, faida −7,500
- bei 500: mapato 500,000; faida 90,000
- bei 535: mapato 460,100, faida 94,900

Nyamaza. Acha walisome. Bei inayoleta mapato makubwa kuliko zote inamtia hasara. Kijana wa masoko aliyekuwa amejiegemeza nyuma atakaa sawa.

Kisha uliza: mama atauza kwa 535 kweli? Chenji ya shilingi 15 ataitoa wapi? Kwa 550, faida ni 94,000. Amepoteza 900 tu kwa mwezi mzima na ameepuka usumbufu wa sarafu. Karibu na kilele, parabola ni tambarare. Kukosea kidogo hakuumizi. Wakitaka kujua bei gani zinampa faida yoyote ile, hapo ndipo ile fomula ndefu ya kwadratiki inapopata kazi: kati ya 381 na 689 hivi.

Na lazima mtu aulize ile 3,000 − 4p umeipata wapi. Jibu la kweli ni kwamba nimeitunga. Mwambie hivyohivyo, kisha mpe kazi ya kwenda kwa muuzaji wa kweli kuuliza mauzo yake kwa bei mbili tofauti, na kuchora mstari wake mwenyewe kupitia nukta hizo mbili.

Hatua ya 8: Vipeo, logi, na kausha damu

Hii ndiyo wiki ya 13 ya zamani. Sasa ipe wiki tatu, na ifike katikati ya muhula, watu bado wana nguvu na bumu, pesa yao ya kujikimu, halijaisha.

Hakuna anayehitaji kuelezwa kausha damu ni nini. Mkopo wa 100,000, rejesho 130,000 baada ya mwezi. Mtu ameshindwa kulipa, deni linasogezwa mbele kwa sharti lilelile, mwezi hadi mwezi. Baada ya mwaka anadaiwa kiasi gani? Kabla ya kikokotoo kila mmoja aandike makisio yake kwenye karatasi. Wengi huandika 460,000: riba ya 30,000 mara miezi 12, jumlisha mtaji. Hiyo ni riba sahili, mstari. Lakini hapa kila mwezi unazidisha kwa 1.3, na 1.3 kwa kipeo cha 12 ni karibu 23.3. Deni limefika takriban 2,330,000. Chora mistari miwili kwenye grafu moja. Mwezi wa pili imekaribiana; mwezi wa sita hazifanani tena.

Logi ije kama jibu la swali, isije kama sura ya kitabu. Swali: deni linakuwa maradufu baada ya miezi mingapi? Wajaribu kwanza kwa kubahatisha: miezi miwili ni 1.69, mitatu ni 2.197. Iko katikati. Wakishaona wanahitaji chombo cha kuteremsha kipeo chini, wape logi: logi ya 2 gawanya kwa logi ya 1.3, miezi 2.64. Kanuni ya 72, inayokutwa tayari kwenye maandishi ya Luca Pacioli wa Italia ya mwaka 1494, inasema gawanya 72 kwa kiwango cha riba. Kwa asilimia 6 inatoa 12, na jibu kamili ni 11.9, safi. Kwa asilimia 30 inatoa 2.4, imepungua. Ni kanuni ya riba ndogo.

Namba e wengi huifundisha kama muujiza. Imetoka kwenye riba. Jakob Bernoulli mwaka 1683 aliuliza: shilingi moja kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka (kwake hazikuwa shilingi, tumwazime) inakuwa ngapi ukigawa riba mara nyingi zaidi? Mara moja, 2. Mara mbili, 2.25. Kila mwezi, 2.613. Kila siku, karibu 2.715. Inapanda lakini haivuki 2.718 na kitu. Wakokotoe wenyewe kwa simu.

Malizia na mkopo wa flati, maana huu watauuza au watauziwa. 1,200,000, asilimia 2 kwa mwezi flati, miezi 12. Riba ni 24,000 kila mwezi, jumla 288,000, rejesho 124,000. Lakini mwezi wa mwisho mteja amebaki na deni dogo mno na bado anatozwa riba ya mtaji wote. Ukipiga kwa deni linalopungua, kwa kujumlisha mfuatano wa kijiometri au kwa kujaribu viwango kwenye Excel, kiwango chake ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwaka mmoja, mwanafunzi aliyekuwa akifanya kazi ya kukopesha alibaki ukumbini baada ya kipindi akiitazama namba hiyo ubaoni. Sikumuuliza kitu.

Hatua ya 9: Mtihani usiodeseka

Wataubeba mtihani wako wa mwaka jana, huo ni uhakika. Kwa hiyo geuza mwelekeo wa swali: mwaka jana ulitoa bei ukauliza faida, mwaka huu toa faida uulize bei. Toa suluhisho lenye kosa, waseme kosa liko mstari wa ngapi na lingemgharimu nani. Tenga alama moja ya kizio kwenye kila jibu, na alama mbili kwa sentensi moja ya kumweleza mwenye biashara asiyesoma hisabati. Fomula waruhusu karatasi moja waliyoiandika kwa mkono wao.

Hatua ya 10: Wiki ya mwisho, mlango wa kalkulasi

Rudi kwa mama wa chapati. Anauza kwa 500, faida 90,000. Akipandisha bei kidogo, faida inabadilika kiasi gani kwa kila shilingi anayoongeza? Akienda 510, faida inakuwa 92,400: ongezeko la 240 kwa kila shilingi. Akienda 501, ni 276. Akienda 500.1, bei ambayo haipo duniani lakini ipo kwenye fomula, ni 279.6. Waulize inaelekea wapi. Watasema 280, na hawajafundishwa kanuni hata moja.

Halafu waambie wafanye vivyo hivyo kuanzia 535. Hatua ya shilingi moja inatoa −4. Hatua ya sehemu ya kumi inatoa −0.4. Wape wajaze safu inayofuata wenyewe, na daftari hilo waje nalo muhula wa pili.